Kibodo, Kimalayalam na Sufuria ya Migebuka

Sasa nakiri. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimemwapia mume wangu, wanafunzi wangu na yeyote aliyekubali kunisikiliza kwamba tasnifu yangu ya chuo kikuu, iliyolinganisha Kibodo na Kimalayalam, lugha mbili za India, niliiandika baada ya kukaa na wasemaji wenyewe. Uongo mtupu. Niliiandika kwa vitabu viwili vya sarufi nilivyovikuta rafu ya chini kabisa maktabani, na kimojawapo mchwa walikuwa wamekisoma kabla yangu. Nilizichagua lugha hizo kwa sababu moja tu: hapakuwa na mhadhiri wa kunisahihisha.

Niliporudi Kigoma uongo ule ukanizalia heshima. Hapa Bangwe wananiita Profesa, cheo ambacho sijawahi hata kukisogelea. Nikiulizwa kuhusu usomi wangu, natoa mfano uleule: herufi za Kimalayalam ni za mviringo, kama vitumbua vikiwa jikoni; za Kibodo zinaning'inia chini ya mstari kama nguo kwenye kamba. Watu hutikisa vichwa kwa kustaajabu. Mume wangu hutikisa cha kwake kwa namna nyingine.

Lakini Mungu naye ana mzaha wake. Mwaka juzi jirani yangu alipata mpangaji, mhandisi wa visima kutoka Assam, Mbodo halisi, anayetembea. Nikaanza kwenda sokoni kwa njia ya nyuma. Miezi michache baadaye hospitali ikapata nesi kutoka Kerala, anayezungumza Kimalayalam tangu kuzaliwa. Wote wawili Wakristo, wote wawili hawaupendi mchele wetu. Wakapendana. Walizungumza Kiingereza, ila wakigombana walihamia Kiswahili, kwa kuwa maneno ya kugombana walifundishwa na mama mwenye nyumba, yule jirani yangu.

Mama huyo ni mjane, Mha mzaliwa wa Simbo aliyeolewa Ujiji, na alijiteua kuwa mama wa bwana harusi bila kumwuliza mtu. Kijana hajiposei, alisema. Kisha akaniteua mimi kuwa mshenga.

"Wewe si unazijua lugha zote mbili?"

Nikasema ndiyo. Huu mdomo wangu ningeuweza, ningekuwa mtu mwingine.

Kulikuwa na kizuizi. Mama yake nesi, huko Kerala, alikuwa amekataa. Hakukataa kanisa la kijana wala kazi yake, alikataa lugha. Binti yake, alisema, ataenda ukweni alie kwa lugha moja abembelezwe kwa nyingine. Kaka yake nesi ndiye aliyetupigia simu na sharti: mama atazungumza na huyo msomi aliyezisoma zote mbili, amwambie bila kumficha kama zina undugu.

Nikaifukua tasnifu. Hitimisho lilikuwa limepigiwa mstari mara mbili: hazina undugu wowote. Kimalayalam ni cha ukoo wa lugha za kusini mwa India. Kibodo kina jamaa zake upande wa Tibeti na Burma. Maneno yake mengi ni mafupi, na sauti hupanda na kushuka, jambo lililomfanya mama mwenye nyumba adai kuwa ni Kiha kilichopotea njia. Faraja niliyoipata ilikuwa ndogo: zote mbili huweka kitenzi mwisho wa sentensi. Nikamweleza.

"Basi ni kama sisi," akasema. "Mgeni mwenye adabu husema alichojia akiwa mlangoni, anaondoka."

"Mama, hiyo siyo sarufi."

"Ndiyo maana hujawahi kuozesha mtu."

Tukapiga simu ya video Jumamosi alasiri, uani kwake. Nesi tulimfungia nyumbani kwangu, maana anayeposwa hakai kikaoni. Mhandisi alishika simu kwa mikono miwili. Kwenye kioo akatokea mama mwembamba mwenye sari nyeupe, na mwanawe pembeni akitafsiri kwa Kiingereza. Swali lake la kwanza halikuwa la undugu. Aliomba niseme sentensi moja ya Kimalayalam, asikie nilivyofundishwa.

Nikasema ukweli: sijui hata neno moja, la lugha ile wala hii, nilizisoma tu, sijawahi kuzisikia.

Mhandisi akaniambia kwa upole, "Mwalimu, mimi nilijua tangu ulipoanza kunikimbia sokoni."

Mama mwenye nyumba akaichukua simu. Akasalimia kwa Kiswahili, akarudia kwa Kiha, akauliza mvua, watoto, afya. Kaka, asiyejua Kiswahili wala Kiha, alijaribu kubahatisha tafsiri, akanyoosha mikono. Mama wa Kerala naye akajibu kwa Kimalayalam, maelezo marefu yaliyoishia kwa kujipiga kofi gotini. Mama mwenye nyumba akalipiga la kwake, na magoti yakawa yamekubaliana. Kisha akaipeleka simu jikoni na kufunua: ugali wa muhogo, na migebuka, samaki wa ziwa letu, ndani ya mawese. Kule ng'ambo pakatokea ukelele, picha ikayumba, tukaona sakafu, tukaona ukuta, tukaona sufuria nyingine: muhogo uliochemshwa, na samaki kwenye mchuzi mwekundu vilevile. Walicheka mpaka ushungi ukamwanguka mwenzetu. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, kichwa chepesi kama niliyekunywa kitu, nikikisikia Kimalayalam kwa mara ya kwanza maishani, na sikuandika hata neno.

Kifurushi cha intaneti kikaisha. Hakuna aliyekuwa ameomba chochote.

"Tulikuwa ndiyo kwanza tunaukaribia mlango," alisema mama mwenye nyumba, ameridhika kabisa.

Nesi alitoka kwangu mbio akauliza mama yake amesemaje. Tukamwambia hatukuwahi kuomba. Alikaa chini palepale mchangani, asijue alie au acheke. Kule hawakupiga, nasi hatukuthubutu kupiga. Siku tatu mhandisi hakula hata wali aliozoea kuulalamikia.

Jumanne nilikuwa ufukweni nachagua dagaa waliokauka vizuri simu ilipoita. Alikuwa kaka.

"Mama anauliza, Jumamosi mlipiga kuomba nini hasa?"

Nikajibu, nikiwa na dagaa mkononi, kwamba tuliomba binti yao.

Nikamsikia akitafsiri, kisha mama akizungumza bila kituo.

"Anasema mngesema. Alikubali tangu ile sufuria, alikuwa anangoja aombwe."

"Na habari ya lugha?"

Akamwuliza. Jibu lilikuwa fupi.

"Anasema hilo atazungumza na yule mama mwingine. Wao wanaelewana."