Maini Yalikuwa ya Wanaume

Utoto wetu kule Fizi, Kongo, vijana wa hapa kambi ya Dzaleka wangeuita kifungo. Simu hakuna. Tulicheza mpira wa maganda ya migomba mpaka vumbi likatufika magotini, harufu ya mawese ikitoka kila jiko, na tulishindana nani ataona mbuzi wa jirani ng'ambo ya bonde. Leo kijana wangu anakesha na simu, macho mekundu kama nyanya, halafu anataka miwani ya urembo.

Lakini jua likizama, mimi nilikuwa nimekwisha. Nilikanyaga vyungu, nilikumbatia nguzo nikidhani ni mama. Wenzangu walipiga kelele: «Kuku! Kuku! Kimbia ulale!» Maana kuku naye giza likiingia haoni kitu. Nilicheka nao, halafu nikalilia nyuma ya nyumba.

Mama alijua dawa: mawese, lengalenga, yaani mchicha, na maini. Mawese na lengalenga tulikuwa navyo. Maini ya kuku, hapana. Kwetu yalikuwa ya wanaume, si ya msichana kama mimi, na mlinzi wake alikuwa kaka mkubwa wa baba. Namtaja: Asukulu. Kila kuku akichinjwa, alikuja kufunua chungu.

Siku moja akafunua, akakosa.

«Maini iko wapi?»

«Iko mu tumbo ya mtoto, shemeji,» mama akasema. «Muite atapike.»

Asukulu alipiga kelele mpaka majirani wakajaa uani. Mama akafukuzwa arudi kwao, aka­fundishwe adabu. Baba yangu hakuinuka kwenye kiti chake. Naye namtaja.

Wajinga wale! Kwao mama, alikonichukua, kulikuwa na kuku wengi. Nililishwa maini mpaka jioni moja, giza likiingia na watoto wakicheza, nikauona mpira unakuja. Nikaupiga teke. Mama alikaa chini kwenye udongo, akalia.

Sasa nimezeeka, nashona nguo, na uzi umeanza kukataa tundu la sindano. Nikaenda Lilongwe kwa Mchina mmoja mwenye duka la dawa za miti. Akatazama ulimi wangu, akanishika mkono, akasema na binti wa Kimalawi anayemtafsiria. Binti akaniambia kwa Kichewa, akiniita mama: «Amayi, anasema macho yanalishwa na ini. Ini likichoka, macho yanachoka.»

Nikacheka mpaka Mchina akadhani namdharau.

«Mwambie,» nikasema, «mama yangu alifukuzwa kwa maneno hayohayo.»

Alinipa maua makavu ya chai, akasema nile majani mabichi, nipumzishe macho, nipimwe miwani hospitali. Sawa.

Bonde lile sitaliona tena. Mawese ninayonunua hapa hayanukii kwetu. Asukulu alikufa akiona vizuri kabisa, mzee yule, na mwanawe yuko hapa kambini. Jumapili alikuja kula kwangu, akachungulia chungu, akaniuliza mimi dada yake:

«Yaya, maini ya mugeni iko wapi?»

«Hapa kwangu batoto njo banaanza kula,» nikamwambia, nikampa bawa.

Enzi zetu hakuna msichana aliyethubutu. Mjukuu wangu wa kike alikuwa anayatafuna maini hayo polepole, akimtazama mgeni machoni.