Vijiti vya Pamba kwa Ukoo wa Maweni

Niliondoka Unguja kwa sababu ya posa. Kaka yangu Shaabani alimposea mwanawe binti wa nyumba moja ya Malindi, na baba wa msichana akarudisha jibu: "Jina mnalo, asili yenu hatuijui. Tuonyesheni mlikotoka." Maneno hayo yalimlaza Shaabani kitandani. Yeye ndiye mtoto mkubwa wa marehemu baba, na jambo hilo amejisifia maisha yake yote, hata kwa wauza urojo. Baba alikuwa fundi cherehani. Alikuja kutoka Mutsamudu, katika kisiwa cha Nzuani, kabla sisi hatujazaliwa, na jina alilokuja nalo ni Maweni. Zaidi ya hapo hakusema kitu. Ukimuuliza, anakata uzi kwa meno na kukwambia nenda kalale.

Mchumba mwenyewe, Hafidhi, kijana wa kompyuta, ndiye aliyeleta habari ya kipimo cha DNA. Unasugua kijiti cha pamba ndani ya shavu, unakipeleka ng'ambo kwa posta, wanakusomea kitu kinachoteremka kutoka baba kwenda kwa mwana wa kiume peke yake, vizazi na vizazi, njia ile ile linayopita jina la ukoo. Majibu ya Shaabani yalikuwa yamesharudi, safu za tarakimu tupu. Ili ziseme kitu, ilibidi apatikane mwanamume wa ukoo wa Maweni kule kule Mutsamudu, asugue shavu lake, zilinganishwe. Mguu wa Shaabani mbovu. Mimi mwanamke sina hicho kitu cha kiume, lakini miguu ninayo.

Siku ya kuondoka alinikabidhi vijiti ndani ya bahasha zao, na picha ya baba, ile moja tu tuliyo nayo. "Zuhura, hii iende na irudi," akasema. Nikaitia mkobani. Mimi ni mtu wa kushuku, jamani, siwezi kuficha. Marehemu mume wangu alikuwa akisema namshuku hata anayenirudishia chenji kamili. Nilishuku kwamba baba aliondoka kwao kwa jambo la aibu, na kwamba tunakwenda kulichimbua wenyewe kwa jembe letu.

Moroni, mji mkuu wa visiwa vile, nilifikia kwa Bwana Msa, muuza vitambaa aliyekaa Zanzibar ujanani, kwa hiyo Kiswahili chake kizuri. Huo ulikuwa mwaka 2007, Nzuani imekataa kuitii Moroni, ina kiongozi wake na askari wake, na mtu akitaja kisiwa hicho sokoni watu wanageuka kumtazama. Bwana Msa alinipeleka kula samaki Itsandra, na njia nzima alisema juu ya bei ya mchele. Tulipokaa peke yetu ndipo akainama.

"Dada Zuhura, ukifika kule usiseme umelala kwangu. Na ukirudi, usiseme hapa uliyoyaona kule."

"Mimi natafuta ukoo tu, Bwana Msa."

"Ndilo hilo baya zaidi. Siku hizi kila anayekwenda Nzuani anasema ana jamaa."

Bandarini Moroni, ofisa mmoja alifungua mkoba wangu akatoa vijiti. Akavinusa. Akaniuliza kwa Kifaransa, kisha kwa Kingazija, na mimi nikamjibu kwa Kiswahili na kwa mikono, nikijisugua shavu mbele ya abiria wote kama mwendawazimu. Akamwita mwenzake, wakanong'ona wakinitazama. Nilimtazama na mimi. Mwisho alivirudisha, lakini alishika bahasha kwa ncha za vidole, mithili ya mtu aliyeshika panya.

Meli ilikuwa ndogo, ya mizigo, imejaa saruji na watu wanaorudi makwao wasiotaka kuzungumza. Ndege za Ouani, uwanja wa Nzuani, hazikuwa za kutegemea siku hizo. Nilitapika hadi nikasahau nimebeba nini.

Mutsamudu mambo yaligeuka juu chini. Moroni walidhani nawapelekea waasi dawa. Hapa askari wa bandarini walidhani mimi ni mpelelezi wa Moroni. "Mate ya watu wetu ya nini?" aliuliza mkubwa wao, na mchukuzi mmoja akanitafsiria huku akicheka. Nikasema natafuta nyumba ya Maweni. Kicheko kikakatika. Askari wakanipa mtu wa kunifikisha, na sikujua kama ananisindikiza au ananichunga.

Nyumba ya Maweni iko ndani ya mji wa kale, kwenye vichochoro ambavyo wawili wakikutana mmoja lazima ajibane ukutani. Mlango mkubwa, karafuu zimeanikwa kizingitini. Aliyenipokea ni bibi kizee aliyejifunga shiromani, nguo ya wanawake wa kule, anaitwa Koko Mariama; koko kwao ni bibi. Nilimwamkia, nikamweleza ukoo wangu na safari yangu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanijibu kwa Kiswahili safi, kama anayesoma taarifa ya habari.

"Karibu, mgeni. Wanaume unawataka wangapi?"

Hapo hapo nikashuku. Kiswahili hicho kakitoa wapi? Na kwa nini hakuuliza hata swali moja juu ya baba yangu? Lisemwalo lipo, nikajiambia, na lisilosemwa lipo zaidi.

Siku zilizofuata alinitolea wanaume. Alikuja muuza duka, akaja karani wa bandarini, akaja seremala mmoja mchangamfu aliyeuliza kama kijiti kina ladha. Wote wakiitwa Maweni mjini. Lakini kila nikimuuliza mtu baba yake wa wapi, majibu hayashikani. Wa kwanza baba yake wa Ouani. Wa pili, wa Domoni. Seremala, baba yake kutoka ng'ambo ya mlima, hata jina la kijiji alilisahau. Na wote watatu hawana undugu! Nikaona ala, wananichezea hawa. Bibi huyu kaokota wanaume njiani ili Shaabani apate majibu ya uongo. Na kila niendako yuko nyuma yangu. Nikitazama dari, ananitazama. Nikigusa mlango, anakohoa.

Asubuhi ya kuondoka uvumilivu ulinishinda. Nikamwekea bahasha zote mkekani.

"Koko, niambie kweli. Hawa si ukoo mmoja."

"Nani alikwambia ni ukoo mmoja? Ni waume." Akamimina kahawa taratibu. "Huku nyumba ni ya mwanamke. Baba anamjengea binti, mume anakuja na sanduku lake. Akishakaa, mji unamwita kwa jina la nyumba. Hao watatu wameoa hapa, kwa watoto wangu. Mwanamume wa Maweni ni yule aliyeingia kwa mlango ule."

Kumbe jina tulilolibeba miaka yote, lililoandikwa kwenye vyeti vyetu na kwenye kaburi la baba, lilikuwa jina la wakwe zake.

"Basi baba yangu alioa hapa?"

Akauliza kama nina picha yake. Nikampa, na nusu ya moyo wangu haikutaka. Akaisogeza dirishani.

"Sikio hili la kushoto, ncha yake iko wapi?"

"Aliumwa na mbwa, utotoni."

Akainuka na picha yangu, akaingia chumba cha ndani, akafunga. Nikakaa. Kahawa ikapoa. Haya, nikasema, imekwenda picha, nitamwambia nini Shaabani? Nikanyanyuka nibishe hodi, nikasikia analia, kilio cha chini cha mtu asiyetaka kusikiwa na wakwe. Nikarudi nikakaa.

Alipotoka macho yalikuwa mekundu. "Mama aliniambia nimtambue kwa sikio," akasema. "Aliondoka nikiwa tumboni. Alisema anakwenda Unguja kununua cherehani. Kiswahili nimejifunza kwa redio yenu. Kila siku nikisikiliza matangazo ya vifo, nikidhani siku moja watataja Maweni."

"Tulimtangaza," nikasema. "Redioni. Mara mbili."

"Labda siku hiyo nilikuwa shamba."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia tangu siku ya kwanza, kaniacha nasugua mashavu ya wakwe zake. "Nilitaka kujua umefuata mtu au umefuata nyumba," akasema. "Dunia imeharibika, mdogo wangu. Kila mtu anakuja na madai." Basi kumbe mimi nilikuwa namchunga yeye, na yeye ananichunga mimi, na baba yetu mmoja. Nikamkumbatia nikalia kama mtoto. Sioni haya kusema.

Kurudi kulikuwa kama kwenda, upekuzi huku na upekuzi kule, ila safari hii sikuwa na vijiti. Seremala alichukua vilivyobaki kusafishia masikio.

Unguja, Shaabani alikuwa barazani akinisubiri, fimbo mkononi. "Umempata mwanamume?"

"Wamejaa. Hakuna hata mmoja wa damu yetu." Nikamweleza habari ya nyumba na mlango na jina la kuazima. Akawa anachorachora chini kwa fimbo yake. Niliogopa kwamba nimemmaliza.

"Malindi tutawaambia nini?"

"Kweli. Baba alitoka nyumba ile, akaacha mtu ndani."

Alikwenda mwenyewe, Ijumaa, akajikokota na mguu wake, akawaambia kweli. Bibi wa msichana, mwenye asili ya Ngazija, ambako nako nyumba ni ya mwanamke, aliuliza jambo moja tu: mwenye nyumba ya Mutsamudu anawatambua? Akaambiwa anatutambua. "Basi wana pa kufikia," akasema, na posa ikapokewa. Kipimo kile husoma wanaume peke yao. Mtoto pekee wa baba katika mji ule kisingemwona hata kingesugua mashavu ya kisiwa kizima.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile barazani, Shaabani alininyooshea mkono.

"Haya, picha ya mzee iko wapi?"

"Nimemwachia mtoto wake mkubwa," nikamwambia.