Samli ya Safari

Nilianza kumshuku wifi yangu tangu tunafunga mizigo Nyakato. Kwaya yetu ilikuwa inakwenda kupanda mlima kule Butiama, na samli ya kupaka mikate niliibeba mimi, kwa sababu yeye anailambaga kwa kidole. Niliitia kwenye chupa tupu ya jamu, nikachora mstari kwa rangi ya kucha, nikaificha chini kabisa ya begi langu. Njia nzima nilimkagua midomo kama inang'aa.

Kileleni nikatoa chupa. Nusu haipo! Nikamfokea mbele ya kwaya nzima. Yeye akaingiza mkono begini mwangu, akachomoa kitenge changu kikichuruzika samli iliyoyeyuka kwa jua na kuvuja kifunikoni.

"Mwizi wako huyu hapa, wifi. Jifunge, tushuke."