Mama Pini na Mashine ya Kupumulia

Ukiwa na nguo inayokubana kiunoni, mtaa mzima ungekuelekeza kwa Mama Pini. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu pini zake za kushonea hakuziweka pengine ila kati ya meno. Alipima, alikata, alipandisha pindo, na muda wote pini zimemchomoza mdomoni kama masharubu ya paka. Akitaka kukusuta kwamba umenenepa, alikusuta na pini zake hizo hizo mdomoni, na ulimwelewa vizuri tu.

Jambo la pili alilojulikana kwalo ni kwamba alikoroma mpaka mume akahama. Hilo alilitangaza mume mwenyewe, fundi rangi. Siku aliyobeba sanduku lake alisimama mlangoni, akawaambia majirani kwa sauti ya mtu aliyeonewa, "Jamani, na mimi ni binadamu. Nitalalaje na mashine ya kukoboa?"

Watu wakacheka. Mwanamume akiondoka na kichekesho, hakuna anayemuuliza anakwenda wapi. Huyu alikuwa anakwenda kwa mwanamke mwingine, mitaa michache kutoka pale. Hilo lilipokuja kujulikana, kosa lilikuwa limeshagawiwa, na lote limemwangukia mke. Angelala kimya si angekuwa na mume wake?

Aliyeisambaza habari hiyo kwa bidii zaidi ni wifi yake, dada wa huyo fundi rangi, mwanamke mwenye moyo mzuri na mdomo usio na mlango. Mama Pini alijibu kila dhihaka, maana ulimi wake haukuwa butu. Lakini akiwa peke yake hakuwa na uhakika. Nani amewahi kujisikia akikoroma? Hilo ndilo lililomla ndani kwa ndani: huenda walikuwa wanasema kweli, huenda nyumba yake ilivunjwa na koo lake mwenyewe.

Basi kitinda mimba wake, binti wa shule, alikuwa na meno yaliyopandana kama watu wanaogombania mlango. Mama Pini akampeleka kliniki ya meno, akafungwa waya za kuyanyoosha, na kila baada ya wiki kadhaa walirudi zikazwe. Siku moja, binti akiwa ndani, mama alijiegemeza ukutani kwenye benchi la kusubiria. Hakukusudia kulala. Alipofumbua macho, chumba kizima kilikuwa kinamtazama, mtoto wa mtu mwingine analia, na daktari amesimama mbele yake na glavu mkononi, kichwa kakiinamisha kama fundi anayesikiliza injini.

"Mama," daktari akasema, "hukoromi tu. Unakoroma, halafu pumzi inakatika kabisa, halafu unashtuka. Asubuhi kichwa hakikuumi?"

"Kinaniuma tangu niolewe," akajibu Mama Pini.

Daktari, mwanamke mdogo kuliko yeye, alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akamwingiza ndani, akamwambia afungue mdomo. Mdomo ukafunguka nusu, na taya likalia karibu na sikio. Akaulizwa ni kazi gani inayomfanya aume meno kutwa. Binti, ambaye waya zilizokazwa zilikuwa hazimruhusu maneno mengi, akasema neno moja tu.

"Pini."

Kwa hiyo pini zikapigwa marufuku mdomoni. Akaelezwa pia kwamba taya lake la chini limekaa nyuma, kama la binti yake, na anapolala ulimi unarudi kooni na kuziba njia ya hewa. Alipewa kifaa akalala nacho nyumbani, kikaandika pumzi zake. Aliporudi na majibu kusomwa, akakabidhiwa mashine ndogo yenye mpira mrefu na barakoa ya kuvaa puani. Inasukuma hewa ndani, koo halizibi, na mkoromo unanyamaza. Daktari akamsisitizia aivae kila anapojinyoosha, hata mchana, mpaka aizoee.

Mama Pini aliitazama mashine ile kwa kinyongo. Kitu kidogo kiasi kile. Kama mume wake alimkimbia kwa sababu ya mkoromo, basi dawa ilikuwepo muda wote, nyuma ya mlango wa daktari wa meno, na yeye hakujua. Wazo hilo lilimuuma kuliko taya.

Jumamosi moja mchana alijilaza, akavaa barakoa, akachukuliwa na usingizi. Simu yake ikalia sebuleni. Binti, aliyekuwa ametoka kukazwa waya asubuhi ile na mdomo wote unamuuma, akapokea. Alikuwa shangazi yake, yule wifi wa mama, anaulizia gauni lake.

"Mama hawezi kuongea," binti akasema kwa taabu.

"Ana nini?"

"Yuko kwenye mashine. Ya kupumulia."

Kila mtu anajua mtu akifikia mashine ya kupumulia kinachofuata ni nini. Wifi hakungoja neno la pili. Akampigia kaka yake, akampigia na mtu mwingine yeyote aliyekuwa na simu.

Mama Pini aliamshwa na kilio. Kabla hajafumbua macho akasikia wifi mlangoni, "Wifi yangu, unaniachaje!" Akainua mkono avue barakoa. Kisha akasikia sauti nyingine karibu na mto wake, sauti ambayo haikuwa imeingia chumbani humo tangu siku ya sanduku. Mkono ukarudi chini polepole.

"Mama watoto," fundi rangi akasema, huku anavuta kamasi, "usiende na kinyongo na mimi. Haikuwa kukoroma. Chumba kule kwa mwenzangu nilikuwa nimeshapanga mwaka mzima kabla sijahama. Kukoroma ulikoroma, lakini mimi nilikuwa nalala kama gogo, sisikii chochote. Nilitafuta tu la kuwaambia watu, likanijia hilo."

Mashine ilipumua taratibu. Mama Pini akashusha barakoa kidevuni.

"Rudia hapo kwenye gogo," akasema.

Wifi akapiga ukelele akarukia juu ya kiti. Fundi rangi alirudi nyuma mpaka ukuta ukamzuia. Binti akaingia mbio, ameshika shavu.

"Nilisema mashine," akajitetea. "Sikusema anakufa."

Ilibidi Mama Pini aeleze yote, la taya, la ulimi, la hewa. Wifi alisikiliza bado yuko juu ya kiti. Alipoelewa, akashuka, lakini hakumgeukia mgonjwa, alimgeukia kaka yake.

"Kwa hiyo miaka yote hii mimi nazunguka na uongo wako? Kila harusi, kila msiba, nautangaza mimi, bure?"

"Dada, tulia." Fundi rangi alijifuta uso, akatazama kitanda, akatazama mashine. "Ila jambo jema ni kwamba umepata dawa, mama watoto. Hukoromi tena. Sasa hata mtu akisema arudi..."

"Arudi ili iweje? Wewe mwenyewe unakoroma."

"Mimi?"

"Unakoroma, kaka," wifi akadakia. "Tangu udogo. Mama alikuwa anakulaza jikoni."

"Nami nilikuvumilia, sikumwambia mtu," Mama Pini akasema. "Kliniki ile inapokea familia nzima. Nenda kapimwe, halafu ukalale kwako."

Nje majirani walikuwa wameshajaa, wengine wamejitanda mitandio, tayari kwa msiba. Wifi ndiye aliyetoka kuwapokea.

"Amefariki saa ngapi?" mmoja akauliza.

"Hajafariki, wala hakumkimbiza mtu. Kaeni chini niwaambie. Huyu kaka yangu, msimwache apite kwanza!"

Mama Pini alirudisha barakoa puani, akageukia ukuta. Alisikia habari yake ikisimuliwa upya, kwa sauti ile ile na bidii ile ile, safari hii inavyostahili. Alitaka kuisikia mpaka mwisho, lakini usingizi ukamchukua, na hakuna aliyemsikia akilala.