Tai ya Bwana Haigh

Norris Haigh alikuwa na mazoea ya kufungua tai yake kila jioni, kabla hata hajavua viatu. Tai iliyoachwa na fundo usiku kucha, alituambia, ni kama farasi aliyeachwa na tandiko. Aliifungua, akaivuta kati ya vidole viwili mpaka ikanyooka, akaitundika nyuma ya mlango ilale. Mazoea hayo yalimponza mara moja tu maishani, akiwa ameshapita miaka sabini.

Alizaliwa Aldershaw, chini bondeni, karibu na lango la kiwanda cha sufu, na hakuwahi kuhamia mbali zaidi ya mtaa wa pili. Alipomaliza shule aliandikwa kazi ya vifurushi katika stesheni ya Kilnsike, juu kidogo ya bonde. Mkuu wa stesheni aliwapanga vijana kila asubuhi akawakagua kola, kisha kucha, kisha viatu. Norris aliipenda kazi ile kama wengine wanavyopenda dini. Halafu njia ile ikafungwa, reli zikang'olewa zikauzwa kwa bei ya chuma chakavu, naye akaenda kupima malori kwenye mzani wa machimbo ya mawe, akabaki huko hadi kustaafu. Palipokuwa na stesheni sasa watu wanaegesha magari na kusukuma vitoroli vya ununuzi. Mvua ya huku haibagui; inanyesha juu ya lami ile kama ilivyonyesha juu ya paa la jukwaa.

Sisi wa chama cha reli ndogo, watu wazima tunaojenga treni na stesheni za mfano, tulimjua kwa Kilnsike nyingine, ile aliyoijenga upya juu ya meza zilizounganishwa, karibu urefu wa basi. Kila tofali alilipaka rangi kwa mkono wake. Kuna ghala la vifurushi ambalo mlango wake uko wazi nusu, na treni za makaa na za maziwa zinapita mbele yake zikiwa na masizi kiasi kinachostahili. Kila mwezi wa Novemba, kwa siku mbili, tunaipeleka kwenye ukumbi wa kanisa la Wamethodisti, tunafunga kamba mbele yake ili watu wasiegemee, na sisi tunasimama nyuma tukiendesha.

Na nyuma ya ile kamba kulikuwa na sheria za Norris. Hazikuandikwa popote. Shati jeupe na tai, na tai iwe ya kufunga, siyo ile ya kubana kwa klipu. Viatu viwe vimepigwa rangi, ingawa meza inavificha. Hakuna kula mbele ya watu, hakuna mikono mfukoni, hakuna kuwapa wageni mgongo. Ndani ya ukumbi tunaitana Bwana na Bibi; Norris na Barrie na Glenys ni majina ya jikoni. Treni ya mwenzako huigusi, hata ikianguka, mpaka mwenyewe akuombe. Na mtu humuulizi habari za mwili wake. Unamuuliza habari za treni yake.

"Watu tunaowaigiza," alikuwa akisema, "walivaa tai wakishika makaa. Wewe unashika plastiki."

Barrie Sugden, fundi wa kupaka nyumba rangi, ndiye aliyeteseka zaidi. Mwaka mmoja alikuja na fulana yenye picha ya bilauri ya bia, Norris akamrudisha nyumbani. Akarejea na fulana ile ile, tai juu yake. Norris akaipima tai kwa macho, akasema, "Ni mwanzo." Glenys Uttley, dereva wa basi la shule, alipojiunga, wanaume walibishana jioni nzima kama mwanamke avae tai. Norris alikata shauri: kazi ni ile ile, shingo ni ile ile. Akampeleka jikoni mbele ya kioo akamfundisha fundo, kama alivyotufundisha sisi wote. Sasa Glenys ndiye msimamizi wa onyesho.

Mwaka ninaousema, Norris alianza kuonekana mgeni kwetu. Jioni za chama alichagua kukaa kwenye kona akitangaza zamu za treni. Macho, alisema, yamechoka. Hatukuuliza. Kwenye meza ile kuna kazi moja ambayo watu huja mahsusi kuitazama: kuunganisha na kutenganisha mabehewa. Minyororo yake ni midogo kama ya mkufu wa mtoto, na mwendeshaji huinyanyua kwa kijiti chembamba chenye ndoano, huku watu wakishika pumzi. Kazi hiyo ilikuwa ya Norris tangu siku ya kwanza.

Jumamosi ya onyesho aliingia ukumbini na koti, na skafu iliyomzunguka mpaka kidevuni. Tulikuwa tumeshapasha moto ukumbi. Hakuvua.

"Bwana Haigh," Barrie alisema, "hiyo skafu ya nini? Unaficha alama ya busu?"

"Mke wangu Avril yuko Morecambe kwa dada yake. Busu litoke wapi?"

"Ndiyo maana nauliza!"

Tulicheka. Norris akavua skafu, polepole, kwa mkono wa kushoto. Kola ilikuwa wazi. Chini yake kulikuwa na shingo nyeupe ya mzee, yenye mikunjo, ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona.

"Loo!" Barrie alisema. "Kumbe anayo shingo!"

Hakuna aliyecheka safari hii, hata Barrie mwenyewe.

"Umesema kweli, Bwana Sugden," Norris alisema. "Sina tai. Basi leo sisimami nyuma ya meza. Pangeni zamu bila mimi." Akaenda jikoni.

Wenzangu walibaki wakipangusa reli ambazo zilikuwa safi. Adabu yetu ilitufunga miguu: angekuwa na injini iliyokataa kwenda, tungemfuata sote.

Mimi nilikuwa nimetangulia jikoni na vikombe vya kuosha, hatua chache mbele yake, na mtu aliye kwenye sinki ni kama sehemu ya sinki. Aliketi nyuma yangu karibu na birika kubwa la chai. Baada ya muda Glenys akaingia akafunga mlango.

"Norris, una nini?"

"Nimesahau tai."

"Na hiyo inayoning'inia mfukoni ni nini, ulimi wa ng'ombe?"

Nilisikia akiisukumiza ndani.

"Barrie anayo ya klipu garini. Nikaichukue?"

"Glenys, afadhali nisimame pale na kamba ya kiatu shingoni."

"Basi niambie."

Sikugeuka. Nilisikia tu kijiko kikianza kulia kwenye kisahani, taratibu, kama kengele ya mbali, na nikajua ametoa mkono mfukoni akauweka mezani. Glenys aliuacha mlio ule uendelee kidogo.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Krismasi. Daktari amenipa vidonge. Vifungo vya shati naviweza nikipewa nusu saa, ila cha kola hapana. Tai ndiyo kabisa. Avril ndiye hunifunga."

"Na hakukufunga kabla ya kuondoka?"

"Alinifunga jana, kabla hajasafiri. Akaniambia: usiifungue, we mjinga, ilegeze tu uitolee kichwani, kesho uivae hivyo hivyo. Nami jana jioni nikaifungua."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ilikuwa jioni."

Glenys alicheka, na nadhani Norris naye alicheka kwa pua. Kisha nikasikia kiti kikisogezwa.

"Simama nikufunge."

"Hapana. Mtu anayefungwa tai na mwingine ni mtoto au maiti."

"Au bwana harusi. Inua kidevu."

Alisimama. Kwa muda mrefu kulikuwa na mchakarisho wa kitambaa tu.

"Upande mpana uwe mrefu zaidi," Norris alisema. "Zaidi. Sasa zungusha."

"Norris, nyamaza, nitakunyonga. Nani alinifundisha?"

"Usiwaambie hao, Glenys. Wakijua watanipokonya kijiti. Watafanya kwa upole, watasema pumzika mzee, mwishowe nitakuwa nakuja kunywa chai tu."

"Siwaambii. Lakini kijiti chenyewe?"

"Zamu moja. Acha nijue kama bado naweza."

Alipotoka alikuwa Bwana Haigh tena, fundo likiwa katikati ya kola kama alivyotufundisha. Milango ikafunguliwa. Watu waliingia na miavuli inayochuruzika maji, wazee wengi, wanawake wenye thamosi, mababa waliobeba watoto mabegani. Ukumbi ukajaa harufu ya sufu iliyoloa na mkate wa nyama ya nguruwe kutoka jikoni. Treni ya maziwa iliingia Kilnsike, ikapunguza mwendo, ikasimama mbele ya ghala bila kutikisika. Barrie ndiye aliyeileta. Ana mkono mwepesi akiamua. Sasa ilibaki kazi ya Norris, kulitoa behewa la mwisho.

Alichukua kijiti. Bibi mmoja mwenye kofia ya kijani aliinama juu ya kamba ili aone vizuri.

Ndoano ilikosa. Akavuta pumzi, akarudia. Ikakosa tena, ikagonga ubavu wa behewa. Mara ya tatu alijaribu kuusaidia mkono kwa mkono wa pili, na mikono yote miwili ikashuka juu ya stesheni ile kama mawingu. Behewa likapinduka, likavuta jirani yake, lililofuata nalo likalala ubavu. Ilikuwa sauti ndogo sana, kama njugu zikianguka sakafuni, nasi sote tuliokuwa nyuma ya meza tuliisikia mifupani.

Barrie alikuwa hatua moja kutoka pale. Mikono yake aliikunja kifuani, akaangalia paa la jukwaa. Glenys, kwenye meza ya tiketi, aliangalia tiketi. Mimi niliangalia pazia. Nimefikiri mara nyingi juu ya adabu ile. Ilikuwa heshima, na ilimwacha mtu peke yake mbele ya umati na mabehewa matatu yaliyolala. Yeye ndiye aliyetufundisha, na hakuna aliyejua namna nyingine ya kumpenda.

Watu walisubiri. Kule mwisho mtoto aliuliza kwa sauti kama treni imekufa.

Norris aliinua uso. "Bwana Sugden," alisema, "nitashukuru ukinisaidia."

Maneno hayo tulikuwa tumezoea kumwambia yeye. Kutoka kwake hatukuwahi kuyasikia.

"Kwa heshima zote, Bwana Haigh," Barrie alisema. Akayasimamisha mabehewa moja baada ya jingine, bila neno la utani, na Norris akampa kijiti, mpini mbele, kama mtu anavyompa mwenzake kisu. Kisha akawageukia watu.

"Mabibi na mabwana, samahani kwa kuwachelewesha. Kosa lilikuwa la mhudumu, siyo la injini."

Akapita mwisho wa meza, akainama chini ya kamba kwa shida, akatokea upande wa pili. Akasimama pale, pamoja na watu wenye miavuli.

Miaka yote ile hakuwahi kuitazama Kilnsike kutoka mbele wakati treni zikienda na sisi tukiwa nyuma yake. Sijui aliona nini. Najua alichosema kwanza.

"Bwana Sugden! Inua uso, wageni wamekuja. Wanatazamana na upara wako."

"Naam, mzee!"

Watu wakacheka, na Barrie akainua uso mwekundu. Bibi mwenye kofia ya kijani alimgeukia Norris.

"Wewe ni wa chama?"

"Ni wa chama."

"Basi niambie. Ule mlango wa ghala, mbona mmeuacha wazi nusu? Umeharibika?"

"Niliuacha hivyo, bibi. Nilikuwa wa mwisho kutoka, na kufuli walikuwa wameshalichukua."

Yule bibi alimtazama, kisha akautazama mlango, mdogo kama stempu. Akasema kwamba baba yake alikuwa akipokea vifaranga pale, kwenye maboksi yenye matundu, na nyumba nzima ilikuwa ikisikia wakilia kutoka barabarani. Norris akasema anawakumbuka vifaranga. Watu wawili watatu wakasogea kusikiliza, na yeye akawaeleza treni ipi inakuja na inakwenda wapi, ilhali nyuma ya meza tulikuwa tukijitahidi kuifanya iwe kweli.

Mkono wa kulia haukuwa na pa kwenda. Mfukoni ni marufuku, na aliyepiga marufuku ni yeye. Mwishowe aliuweka juu ya kamba. Kamba ikaanza kutetemeka, kidogo tu, mwendo wake wote kutoka nguzo hadi nguzo, na watu walioishika waliangalia chini ya meza, nadhani wakidhani ni treni. Hakuuondoa. Alisimama hivyo mpaka tulipofunga. Glenys alipoandika zamu za Jumapili, mbele ya kamba aliandika jina moja, na mwenye jina hakulikataa.

Jumapili asubuhi alikuja mapema kuliko sisi, bila skafu. Viatu vilikuwa vimepigwa rangi. Fundo lilikuwa lile lile la Glenys, limelala kidogo upande wa kushoto, na kitambaa kilikuwa na mkunjo ule wa tai iliyopitisha usiku ikiwa imefungwa. Barrie aliuona. Nilimwona akiuona. Akamuuliza Bwana Haigh kama treni ya maziwa itatangulia leo au ya makaa.