Mota ya Kiti cha Mwalimu Séphora

Mwalimu Séphora alipooza miguu akiwa na miaka minne, na kwa muda mrefu alisukumwa kwa kiti cha magurudumu kwenda kufundisha shuleni kwa Wamethodisti, pale Kamina. Mwaka 1996 dada yake Clotilde, aliyeishi Ubelgiji, alimlipia kiti cha umeme katika duka moja la Lubumbashi, na garanti ya miaka miwili. Betri ilichajiwa kwa jenereta ya misheni. Tangu hapo hakumwomba mtu amsukume.

Kiti kilizima Agosti 1998, vita vilipoanza tu, siku kumi na moja baada ya garanti kwisha. Séphora aliituma mota dukani kwa treni. Ilirudi baada ya wiki tisa ikiwa na barua ya mistari mitatu: mota imeungua, haitengenezeki, garanti imekwisha, anunue kiti kipya.

Akampelekea Mathieu, mwanajeshi aliyetengeneza redio katika kambi ya jeshi ya hapo. Mathieu aliigeuza mota, akamwonyesha visi, zile skrubu za kifuniko. Rangi nyekundu ya kiwandani ilikuwa bado imezifunika zote, bila mkwaruzo.

"Mwalimu, bale bantu habakufungula ata visi moja."

Uso wa Séphora uliwaka moto. Aliomba bisibisi, akaifungua ya kwanza mwenyewe. Ndani hapakuwa na kitu kilichoungua. Vipande viwili vidogo vya kaboni, vinavyopitisha umeme, vilikuwa vimelika. Mathieu alichukua vya dinamo ya lori bovu, akavisugua kwa msasa mpaka vikaingia. Mota ikanguruma, ikazunguka.

Mathieu alicheka kwa furaha, kisha akamuuliza mbona yeye hafurahi.

"Bantu balinibeba kama muzigo wiki tisa, Papa Mathieu. Na bale ba ku duka habakugusa kitu."

Mathieu alimshauri aachane nao. Wakati wa vita nani atajibu barua? Séphora aliandika hata hivyo, kurasa nne za Kifaransa, akafunga humo vile vipande vilivyolika. Hakujibiwa. Akaandika tena, mara mbili.

Januari Mathieu alipelekwa vitani upande wa kaskazini. Kabla ya kuondoka alimchongea jozi sita za kaboni na kumfundisha kuzibadilisha. Hakurudi. Jozi ya mwisho ilipokaribia kwisha, Séphora alikwenda kambini kutafuta dinamo nyingine. Askari wa getini alimwambia raia haruhusiwi kuingia. Akakaa palepale getini, kitini mwake, mpaka walipomletea dinamo.