Majivu Kutoka Ibaba

Mama alipokuja kukaa nami Tunduma, miezi miwili baada ya kumzika baba, aliacha kula. Hakugoma kwa maneno. Alikaa mbele ya sahani, akamega matonge mawili, akanawa na kusema, "Ahsante mwanangu, nimeshiba." Bangili yake ya shaba, ambayo zamani ilimbana mkononi, sasa ilikuwa ikiteleza hadi karibu na kiwiko.

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Nilimpikia wali, kuku na samaki kwenye jiko langu jipya la gesi, nikamletea hadi mikate ya ng'ambo ya mpaka. Siku moja nikafoka: "Mama, unataka nikulie mimi?"

Hakukasirika. Aliitazama mboga, majani ya maboga niliyoyaunga kwa karanga, akasema, "Hayajaiva haya."

"Yamechemka saa nzima!"

"Yamechemka. Hayajaiva."

Hapo nikaelewa, nikaona aibu. Kwetu Ibaba, kule milimani, mboga za majani hupikwa kwa maji ya majivu. Maharage yakishapurwa, mashina na maganda yake huchomwa, majivu hutiwa kwenye kopo lililotobolewa chini, kisha humwagiwa maji. Yanayodondoka, yenye rangi ya chai, ndiyo huivisha mboga. Mimi niliachana nayo zamani, nikawa natia magadi ya dukani. Na gesi haina majivu.

Kesho yake nikaomba majivu kwa jirani anayepikia mkaa, nikachuja, nikajiona mjanja. Mama akachovya kidole, akakigusisha kwenye ulimi.

"Mkaa huu," akasema, na akamwaga yote.

Nikampigia wifi yangu, mke wa kaka, ambaye bado analima kule. Baada ya siku tatu majivu yakafika kwa basi, ndani ya ndoo ya rangi ya sadolini iliyofungwa nailoni. Safari hii nilichuja mbele ya mama. Akaonja tone moja, akafumba macho, akakaa hivyo hadi nikaogopa.

"Maharage," akasema.

Nikapiga kigelegele.

"Ngoja kwanza. Wifi yako kachanganya na magunzi ya mahindi. Kidogo tu."

Sasa hiyo nikaona ni ukaidi wa uzee. Nikapiga simu, nikaweka sauti kubwa, nikitaka mama aumbuke. Wifi akakiri papo hapo.

"Jamani wifi, nisamehe. Ndoo haikujaa, nikaongezea magunzi mawili matatu. Nani kakwambia?"

Mimi hapa mpakani najisifu kwamba naijua noti bandia ya kwacha ya Zambia kwa kuigusa tu, na watu huja kuniuliza. Lakini mama yangu alikuwa ameonja tone moja la maji akalijua shamba na akaijua siri ya jiko la mtu aliye milimani. Utoto wangu wote nilimwona akichovya kidole vile, nikidhani anaonja chumvi. Nilimwomba anifundishe. Akaniwekea tone kwenye ulimi, nikapata ukali basi, hakuna kingine. Akanicheka vizuri sana, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Tulipika pamoja. Yeye alimimina, mimi nikakoroga, na majani yakalainika upesi, yakabaki na ukijani wake. Nikasonga ugali wa ulezi, nikamtengea, nikajifanya nina kazi mlangoni ili nisimkodolee macho.

Nilipogeuka, sahani ilikuwa nyeupe. Mama alikuwa analia huku anatafuna.

"Mama, kuna nini tena?"

Akameza kwanza.

"Mwanangu, nilijua ulimi wangu tumeuzika na baba yako. Kila ulichoniletea kilikuwa kama udongo, nikaona aibu kukwambia." Akanisogezea sahani. "Niongezee."